Nzuri Tu, Daktari

Wapendwa, kabla sijahubiri, niungame. Jumapili iliyopita nilisimama pale mlangoni kama kawaida yangu, nawapa mkono mnapotoka. Akafika Mama Nakijwa. Nikamuuliza, "Habari za nyumbani, mama?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Nzuri, Mchungaji. Ila kaka yangu tumemzika Alhamisi, kule Same." Nami mkono ulishakwenda kwa mtu wa pili, macho yako kwa wa tatu, na pua imeshatangulia kwenye pilau nililoalikwa. Nikasema kwa furaha kabisa, "Safi sana! Bwana asifiwe!"

Mnacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa nyuma yangu, amesikia kila neno. Nimesalimiana na watu Kigali, Hamburg, na Winnipeg kwenye baridi ya kukata masikio, na kote huko nimejiaibisha. Lakini kupongeza msiba, hiyo nimekuja kuifanyia hapa kwetu.

Sasa nisikilizeni. Alikuwapo daktari mmoja, mwanamke, aliyeipa saratani miaka kumi na minane ya maisha yake. Asubuhi yuko wodini na wagonjwa, mchana yuko maabara na panya weupe. Swali lake lilikuwa moja. Mwili una askari wake, wanaokamata kila kijidudu kinachoingia. Mbona saratani inawapita? Akaja kuona kwamba nyingine hazipigani nao hata kidogo. Zinawatuliza. Ni kama zinawaambia, "Sisi ni wa humu humu ndani, nyie pumzikeni." Na askari wanalala.

Basi akatafuta dawa ya kuwaamsha. Panya walikufa, wafadhili wakakimbia, mama yake mzazi akamuuliza ataolewa lini na panya hao. Hatimaye dawa ikapatikana, akaruhusiwa kuijaribu kwa watu wachache.

Dawa ilikuwa na hatari yake, na hakuna aliyeijua kuliko yeye. Askari ukiwaamsha kwa kishindo, wengine hawachagui. Wanaweza kuugeukia mwili wenyewe, wakaanza kuuchoma utumbo. Dalili ni kuharisha. Ukijua mapema, viko vidonge vya kuwapoza. Alikuwa navyo kwenye droo ya meza yake. Ndiyo maana kila mgonjwa akija lazima aulizwe: tumbo vipi?

Mmoja wa wagonjwa alikuwa mzee, fundi cherehani, saratani ilimwanzia unyayoni ikapanda mpaka mapafuni. Kwenye picha ya kwanza uvimbe ulikuwa kama limau. Baada ya dozi tatu, kama punje ya harage! Daktari alikimbia na ile picha kwenye korido kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Akafika kwenye chumba mzee na mkewe walimokuwa wakimsubiri, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine na picha.

"Shikamoo mzee wangu! Habari za tumbo?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri tu."

Mke wa mzee akamfinya mumewe ubavuni. Daktari akaona. Akacheka, "Nyie wazee bado mnafinyana tu!" Wakacheka wote, na yeye akaandika kwenye fomu: hakuna shida.

Mnajua wakati huo mzee alikuwa anakwenda chooni mara ngapi? Mara tisa kwa siku. Anafua suruali zake mwenyewe, uani, ili majirani wasione.

Nyumbani mkewe alimwambia, "Baba, mwambie daktari."

"Nimwambie nini? Binti wa umri wa mwanetu wa mwisho, nianze kumsimulia habari za choo?"

"Ni daktari yule!"

"Na anavyofurahi akiniona? Miaka yote hiyo amehangaika kwa ajili yetu. Nikamharibie siku kwa tumbo?"

"Basi nitasema mimi."

"Ukithubutu, nitakwenda peke yangu."

Na safari iliyofuata akaenda peke yake. Shikamoo. Marahaba. Habari za tumbo? Nzuri tu, daktari.

Siku ya nne yake utumbo ukatoboka. Akafikishwa hospitali akiwa hajitambui, na hakuamka. Walipoupasua mwili kutazama kilichomuua, daktari akaomba waitafute ile saratani, angalau ajue imebaki kiasi gani.

Haikuwepo.

Ndugu zangu, mmenisikia? Haikuwepo! Dawa ilifanya kazi. Mzee alikuwa amepona ugonjwa ambao dunia nzima inauogopa, akafa kwa neno "nzuri," na vidonge viko kwenye droo, hatua kumi kutoka mlangoni.

Daktari alikwenda msibani na faili mkononi. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na radi. Akamwambia mjane, "Mama, mimi nilimuuliza. Kila alipokuja nilimuuliza. Tazama, nimeandika, mara tano."

Mjane hakulitazama faili. "Ulikuwa umekaa?"

"Nilikuwa..."

"Ulikuwa umeshika mlango, mwanangu. Hukumuuliza. Ulimsalimia."

Na sisi je? Yule alikuwa mtu mwema, mwenye elimu, mwenye dawa. Macho yake tu yalikuwa kwenye picha. Yetu yako wapi? Humu ndani tunahesabu mabati ya paa jipya, tunahesabu vichwa vya Jumapili, na yuko mtu kwenye benchi hilo hilo ulilokalia ambaye ndoa yake imetoboka. Ukimuuliza atakwambia nini? Atakwambia alichofundishwa na mama yake. Wewe ukimfinya mwenzio aseme, sisi wachungaji tunacheka, tunaona mnapendana! Hata mbele za Mungu tunapiga magoti, tunashukuru kwa afya njema, tunasimama, tunajipangusa vumbi, hatujasema kitu. Tunamwonea Mungu haya. Tunaona tutamharibia siku.

Kama unaumwa, sema. Sema hata kama ni habari ya choo. Na wewe unayeuliza, na wa kwanza ni mimi, tuache mlango.

Jana nilikwenda kwa Mama Nakijwa. Nikasimama kizingitini, kofia mkononi, simu inatetemeka mfukoni, maneno mazuri nimeyapanga tangu asubuhi. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Na leo nakuuliza kweli kweli. Hali yako ikoje?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kipara.

"Zima hiyo simu," akasema. "Halafu kaa."