Ukili Aliouacha Salha

Wamesimulia waliotutangulia, nao walipokea kwa bibi zao, ya kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama ambazo misikiti ilitandikwa mikeka tu, aliishi mja mwema aliyeitwa Bi Mwanamize binti Haji. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kusuka.

Siku hizo, Mwenyezi Mungu awarehemu watu wake, mwezi wa Shaabani ulikuwa na harufu yake. Ilikuwa harufu ya ukindu, yale majani yanayochanwa na kuanikwa juani, kwa sababu kila nyumba ilikuwa ikisuka. Wanawake walisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani, na ulipotimia pima za kutosha ulizungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, mikeka yote ya msikiti ilikuwa imebadilishwa. Kila aliyesuka alitosheka kujua kwamba katika safu fulani kuna paji la uso linasujudu juu ya kazi ya mikono yake.

Mkeka wa kibla, anaposimama imamu, ulitoka nyumbani kwa Bi Mwanamize. Bibi yake aliusuka, mama yake akausuka, na yeye akaupokea. Ulikuwa mweupe mtupu, usio na rangi, ili macho ya mwenye kusali yasishughulike. Watu walisema ukipitisha kidole juu ya ukili wake huku umefumba macho, hutajua jani moja limeishia wapi na jingine limeungwa wapi.

Mola alimruzuku mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Salha. Alipofika miaka tisa, mama yake alimketisha kando yake uani, akamtia ukindu mkononi. Mtoto alikuwa mwepesi wa mkono, lakini alikuwa na kasoro moja. Alisuka vizuri kwa kitambo, kisha akaruka jani. Akasuka tena vizuri, akaruka jani jingine.

"Salha, umeruka."

"Ngoja kwanza, mama. Bado haijafika."

"Haijafika nini? Ukili umekosewa au haukukosewa. Lete hapa."

Basi kila siku baada ya alasiri Bi Mwanamize aliuchukua ukili wa mwanawe, akaufumua mpaka pale jani la kwanza liliporukwa. Mara nyingine haukubaki kitu. Hakufanya hivyo kwa ukali. Ndivyo alivyofunzwa yeye, na ndivyo alivyofunzwa mama yake. Salha hakununa. Aligeuza uso akatazama uani, ambako tetere, wale njiwa wadogo, walikuwa wakija kudonoa chenga za mchele juu ya mchanga uliofagiliwa, kisha akaanza upya.

Ikafika wiki ya Maulidi. Bi Mwanamize alikuwa na mapishi ya watu wengi, hakupata nafasi ya kukagua kazi ya mtoto, na ukili wa Salha ukarefuka mpaka ukafika pima mbili, yaani mara mbili ya mikono ya mtu mzima iliyotanuliwa. Siku ya pili baada ya Maulidi mtoto alishikwa na homa. Siku ya tano akarejea kwa Mola wake.

Bi Mwanamize hakupiga ukelele. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," naye aliyasema maneno hayo kwa kweli ya moyo wake. Watu wakamsifu kwa subira. Lakini mikono yake haikusikia. Tangu siku ile haikushika ukindu. Alisali sala zake tano kwa wakati, akasoma uradi wake, na baada ya hapo aliketi akitazama ukuta. Ule ukili wa Salha aliukunja, ncha zake zikiwa bado wazi, akauweka chini ya mto. Kuufumua hakuweza. Kuutazama hakuweza vilevile, kwa kuwa ndani yake alikuwa akiziona alasiri zote alizofumua.

Wifi yake, Bi Kazija, dada wa marehemu mumewe, alikuja kila siku na bakuli la uji.

"Wifi, leo umekula nini?"

"Nimekula."

"Sikukuuliza kama umekula. Nimekuuliza nini."

"Maji."

"Maji hayaliwi, wifi. Fungua mdomo, au nikulishe kama bibi harusi?"

Bi Mwanamize alikunywa vijiko viwili vitatu kwa kumwonea haya.

Mwezi wa Shaabani ulipoandama, imamu wa msikiti, Maalim Faki, ambaye ndiye pia aliyekuwa akiwasomesha watoto Kurani chuoni, alipiga hodi. Alisimama pembeni mwa mlango, uso ameuelekeza njiani, kama ilivyokuwa adabu ya wakati huo.

"Mama Salha, sikuja kukuhimiza. Nimekuja kuuliza tu. Mkeka wa kibla tuutegemee, au mwaka huu tukupumzishe?"

Bi Mwanamize aliwafikiri mama yake na bibi yake. Akaona aibu kwamba kazi ya mkeka ule ikatike mkononi mwake.

"Utegemeeni, Maalim, inshallah."

Akalowesha ukindu, akaketi. Siku tatu zikapita, na alichosuka hakikufika shibiri moja. Majani yalikuwa yakimponyoka. Bi Kazija alimkuta hivyo, akayaondoa majani mapajani mwake taratibu.

"Nitausuka mimi."

"Si haki, wifi."

"Nani atajua? Mimi nawe tumefunzwa na mama yako, mkono wetu mmoja. Watu wataona mkeka mweupe, watasema ni wako kama kila mwaka, nawe hutakuwa umesema uongo. Utanyamaza tu. Kunyamaza hata mawe yananyamaza."

Bi Mwanamize hakujibu, na kutojibu kwake kukawa ndiyo.

Ilipofika siku ya kutandika, wanawake walikusanyika uani mwa msikiti, kila mmoja na mkeka wake kichwani. Mkeka wa kibla ulifunguliwa mwisho. Ulikuwa mzuri, hauna doa. Maalim Faki akanyanyua mikono, akaomba, "Ewe Mola, ibariki mikono iliyousuka mkeka huu, na umpe mwenyewe faraja moyoni mwake." Wote wakaitikia, "Amin."

Bi Mwanamize alijaribu kuitikia, sauti isitoke. Aliitazama mikono yake, imelala mapajani, haina hata mkwaruzo mmoja wa ukindu. Akamtazama Bi Kazija kando yake, vidole vyake vimechanika, naye anaitikia amin kwa dua ambayo watu wote waliielekeza kwa mwingine. Moyo wake ukamwambia kwamba kama ataondoka hapa na dua ya mtu, hatakuwa na uso wa kumwelekea Mola pale kibla.

"Maalim," alisema, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mkeka huu si kazi yangu."

"Wifi, nyamaza," Bi Kazija alinong'ona.

"Si kazi yangu. Ameusuka Kazija. Mimi nilinyamaza ili mdhani ni wangu. Dua hiyo ni yake."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Makubwa haya." Mwingine akamfinya. Maalim Faki akatabasamu.

"Basi msiwe na wasiwasi. Dua imekwishafika kwa mwenyewe. Mola hakosei mlango." Watu wakacheka taratibu, na Bi Kazija akajifunika uso kwa kanga. Kisha Maalim akauliza kwa upole, "Na mikono yako, binti yangu, imepatwa na nini?"

"Imekataa, Maalim. Tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi."

Maalim Faki akainamisha kichwa. "Mkeka wa kibla umekwishapatikana. Lakini kuna mahali pengine pako wazi. Pale alipokuwa akikaa Salha chuoni, wenzake hawapakalii mpaka leo. Wanabanana huku na huku, katikati wameacha. Nimewaambia, hawanisikii. Pale panataka mkeka mdogo tu, wa kukalia mtoto mmoja."

Bi Mwanamize machozi yalimlengalenga. "Maalim, nilicho nacho ni ukili wake mwenyewe, na umekosewa tangu mwanzo. Ili niuendeleze sharti kwanza niufumue. Na siwezi kuufumua."

"Usiufumue. Anzia alipoachia yeye."

"Na makosa yake?"

"Mtoto kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa juu yake. Itakuwaje mimi nawe tuishushe?"

Siku ile ile, baada ya alasiri, Bi Mwanamize aliufagia ua, kazi aliyokuwa amemwachia Bi Kazija muda wote ule. Akautoa ukili chini ya mto, akautandaza kuanzia kizingitini mpaka karibu na kisima. Haukuwa umewahi kutandazwa wote. Akaketi kwenye ncha, akalowesha yale majani makavu mpaka yakalainika. Msusi hawezi kuendeleza ukili wa mtu asiojua hesabu yake, kwa hiyo akarudi nyuma kuhesabu.

Akahesabu mishono tisa, jani likarukwa upande wa kulia. Akahesabu mishono tisa, jani likarukwa upande wa kushoto. Tisa, kulia. Tisa, kushoto. Kule mwanzoni hesabu iliyumba, mara nane, mara kumi na moja, kama mtoto anayejifunza kutembea. Kadiri ukili ulivyorefuka, hesabu ilitulia, na shibiri nne za mwisho hazikukosea hata mara moja.

Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama wote kwa mara ya kwanza. Vialama vidogo vilikuwa vikienda, kulia na kushoto, kulia na kushoto, kutoka kizingitini mpaka kisimani. Kando yake, juu ya mchanga alioufagia punde, tetere alikuwa amepita, na nyayo zake zilikuwa vilevile.

Hapo ndipo Bi Mwanamize alipoelewa kwamba mwanawe hakuwa akikosea. Alikuwa akitafuta nakshi ambayo hakuna aliyewahi kuisuka, na nakshi hiyo ilitaka urefu ili ionekane. Kila alasiri ilipoanza kujitokeza, mama yake aliifumua. Ngoja kwanza, mama. Bado haijafika.

Akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya msiba. Bi Kazija alipoingia na bakuli lake alimkuta amepiga magoti juu ya mchanga.

"Wifi, unalia."

"Nalia. Weka bakuli, njoo uhesabu."

Bi Kazija alikuwa msusi pia. Alihesabu shibiri moja. Akahesabu ya pili. "Hili si kosa," alisema.

"Si kosa."

"Sasa sisi tulikuwa tukimfundisha nini mtoto huyu?"

"Kufumua," alijibu Bi Mwanamize.

Bi Kazija alitaka kumsaidia kuunga majani. Akamzuia. "Huu niachie."

Akaanza alipoachia Salha. Siku ya kwanza alisuka urefu wa vidole vinne tu. Na tazameni ajabu yake: mikono ile iliyosifiwa mji mzima ilishindwa kuruka jani. Ilikuwa imezoea kunyooka. Mara mbili alipitiliza mshono wa tisa bila kuruka, ikambidi afumue kazi yake mwenyewe. Mara ya pili, peke yake pale uani, akacheka. "Haya, Salha," alisema, "leo mwenye kufumuliwa ni mimi."

Siku zikaenda. Majani yakaacha kumponyoka. Akawa anaona njaa, kwa kuwa anayesuka huchoka, na anayechoka hula na hulala. Akarudi kisimani kuteka maji pamoja na wenzake. Huzuni haikuondoka, wala hakuomba iondoke, lakini ilipata mahali pa kukaa, ikaacha kumkalia kifuani.

Zilipobaki siku tatu Shaabani iishe, alichukua mkeka mdogo alioushona kwa ukili ule, akaupeleka chuoni. Watoto wakautazama bila kuthubutu kuugusa. Kisha kibinti kimoja, ambacho hata alifu hakijaimaliza, kikainama, kikapitisha kidole juu ya nakshi.

"Maalim, hapa amepita ndege," kikasema, kikakaa.

Kuanzia siku hiyo watoto waliukalia kwa zamu.

Wanasema Bi Mwanamize aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mkeka wa kibla aliusuka kwa zamu na Bi Kazija, mwaka wake na mwaka wa wifi yake. Nakshi ile ikaenea mjini kwa jina la nyayo za Salha. Mabinti wengi walijifunza uani kwake, na kwake palikuwa na sharti moja ambalo wasusi wa zamani hawakuwa nalo: ukili wa mtoto haukufumuliwa mpaka utimie pima moja. Mama zao walipomwambia, "Bi Mwanamize, huyu anaruka majani," alijibu, "Mngojeni. Labda haijafika."

Ndugu zangu waumini, sisi tunaolea huomba subira siku ya msiba, na Mola hutupa, kwani Yeye yuko pamoja na wenye kusubiri. Lakini iko subira nyingine ndogo, ya kila siku baada ya alasiri, ambayo hatuiombi kwa sababu hatujui kuwa tunaihitaji. Ni kumngoja mtoto afike anakokwenda. Mola atujaalie subira zote mbili, aifanye mikono yetu iwe na kazi wakati mioyo yetu imevunjika, na awarehemu Salha na mama yake. Yaliyofichikana yanajulikana Kwake peke yake.