Ngiri Aliyemfukuza Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Watoto wameitikia, wakubwa je? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Ngiri na mkewe walikaa mbugani pamoja na Nungunungu na Nguchiro. Siku moja akaja Muhanga kutoka ng'ambo ya mto. Muhanga ana kucha, bwana! Akachimba. Kwaru! Kwaru! Akalala shimoni siku mbili, akahama, shimo akamwachia Ngiri. Akachimba jingine, akamwachia Nungunungu. Akachimba tena, Nguchiro naye akapata. Kila mtu akawa na pa kujificha.

Ukaja ukame. Majani yakakauka, kakaka. Njaa ikaingia. Ngiri akapanda juu ya kichuguu.

"Jamani! Mgeni amemaliza riziki yetu!"

"Amemaliza!" wakaitikia.

Muhanga akatoka, vumbi puani. "Ndugu yangu Ngiri, mimi nala mchwa, wewe wala majani. Nimekula nini chako?"

Ngiri akatutumua kifua. Na asiye na jibu hupaza sauti. "Rudi kwenu!"

Mkewe akamnong'oneza, "Baba Watoto, shimo tunalolala alichimba nani?"

"Nyamaza!"

Ngiri akamrukia Muhanga, akampasua sikio. Muhanga akaondoka, damu to, to, to, akavuka mto mkavu. Waliobaki wakacheza ngoma. Kisha wakaziba mashimo yote kwa mawe, alama ya mgeni isibaki. "Tutalala vichakani kama mababu," akasema Ngiri.

Siku ya saba, jua la mchana, moto ukawaka mbugani. Vuuu! Wakakimbilia mashimoni. Mawe! Ngiri akasukuma kwa pua, akasukuma kwa kichwa. Wapi! Aliyapanga mwenyewe, tena kwa bidii.

"Baba, tuingie wapi?" watoto wakalia.

Ngiri akainamisha kichwa. Wakavuka mto mbio, moto nyuma yao.

Ng'ambo wakasikia, kwaru, kwaru. Muhanga anachimba. Sikio lake limevimba. Ngiri akajificha nyuma ya mkewe, mwili mzima ule!

"Watoto kwanza," akasema Muhanga. "Ingieni upesi."

Wakaingia wote. Moto ukapita juu yao, ukaenda zake.

Walipotoka, Ngiri hakuweza kumtazama Muhanga usoni. Akapiga magoti, pua chini mavumbini.

"Mimi ndiye niliyekupasua sikio. Mimi ndiye niliyewachochea wenzangu. Nilijua hukula kitu changu. Nilijua, nikasema hivyo hivyo."

Nungunungu akatazama miguu yake. Nguchiro akatazama pembeni.

"Sikio linauma bado," akasema Muhanga. "Wala sijasahau. Lakini moto hauulizi mtu katoka wapi. Inuka, tukawatoe wengine walionaswa ng'ambo."

Tangu hapo, kila mvua zikianza, wenyeji na wahamiaji hula pamoja. Mgeni huulizwa katoka wapi, akasikilizwa mpaka mwisho. Lakini kabla hajasema, Ngiri hutangulia kueleza alichomfanyia Muhanga. Hakuna anayemlazimisha. Kila mwaka sauti humkwama pale pale, kwenye "nilijua."

Nanyi mkimwona Ngiri anakula, tazameni miguu yake ya mbele. Amepiga magoti mpaka leo.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa: njaa haikuletwa na mgeni. Ukimfukuza mwenzako kwa uongo, aibu yake utaibeba wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, pale magotini pa Ngiri.