Ufa wa Mlima Mseru

Hapo zamani, katika kijiji cha Kirimeni, moto ulianzia jikoni kwa mtu mmoja adhuhuri ya kiangazi, na kabla jua halijatua hapakuwa na nyumba iliyosalia. Zote zilikuwa za nyasi, zote zikaungua. Watu wakawa wanalala nje. Baridi ya mlimani ikaua vichanga viwili, na masika yalikuwa hayajafika.

Wakatokea mafundi watatu. Senkondo akasema atachoma matofali. Mrindoko akasema yeye hahitaji moto, atashindilia udongo mbichi hadi uwe ukuta. Nakijwa akasema atasuka kuta za mianzi na kuzikandika tope. Kila mmoja akaapa kwamba kazi yake haitaiumiza ardhi. Lakini juu ya kijiji ulisimama mlima Mseru, mkali kama ukuta, na watu waliuogopa. Basi wakamwomba Namkunda, mchimba dawa aliyejua kila chemchemi, akague: kila kitu kinatoka wapi, na kinaacha nini nyuma.

Mafundi wakaanza kujenga, Namkunda akaanza kutembea.

Akaenda kwa Senkondo. Matanuri yake yalikuwa yamekula miti arobaini ya mteremkoni. Akahesabu visiki, akasema moyoni, mlima utavumilia. Akaenda kwa Mrindoko. Hakukata mti hata mmoja, ila alichimba udongo chini ya mteremko uleule, shimo refu kumzidi mtu. Akasema moyoni, mlima utavumilia. Akaenda kwa Nakijwa. Mianzi ingechipua tena, hilo kweli, lakini alikuwa ameikata yote iliyoshika kingo za kijito, ubavuni mwa mteremko uleule.

Hapo Namkunda hakusema kitu moyoni. Akapanda juu, na katikati ya visiki akakuta ufa. Akaingiza kidole. Kikaingia chote.

Akateremka akiwa na neno mdomoni. Njiani akamkuta mama amemfunika mtoto kwa gunia, mtoto anakohoa. Akawaza: nikisema leo, ujenzi utasimama, na mvua itawakuta hawa nje. Labda ni jua tu limepasua udongo. Akanyamaza.

Siku ya tatu akapanda tena. Vidole viwili vikaingia. Usiku hakulala, mchana hakula. Wakimuuliza, alijibu kwamba bado anakagua. Siku ya sita akapanda. Kiganja kizima kikazama, na kutoka ndani akasikia maji yakitembea, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha Kirimeni.

Akakimbia kuteremka. Wingu lilikuwa limeshafunika kilele, na mvua ikampita njiani. Alipofika nyumba za juu akawaambia watu watoke, wasichukue chochote. Wakatoka. Akakimbilia nyumba za chini, zile zilizokamilika kwanza, ambako watu walikuwa wamejifungia wakifurahia kuta mpya. Hakufika. Mseru ulishuka. Visiki, matope na mawe vilipita mbele yake, na kelele ilipokoma nyumba saba hazikuonekana.

Walikufa watu kumi na wanane. Mmoja wao alikuwa mama yake Namkunda.

Waliofiwa wakataka kila aliyesababisha aondoke Kirimeni, yeye na watu wake, asirudi. Waliobaki wakaomba aondoke mmoja tu, maana bado watu walikuwa nje na mafundi walihitajika. Wanne, mafundi watatu na Namkunda aliyekagua, wakasimama mbele ya kijiji.

Senkondo akasema, "Nilikata miti, sikatai. Lakini mlima ulishikwa chini pia. Mrindoko asingechimba, ungesimama."

Mrindoko akasema, "Nilichimba udongo nisikate miti yenu. Mizizi ingekuwepo, shimo langu lisingeangusha kitu. Na maji yaliingia kwa sababu ya kijito kilichonyolewa mianzi."

Nakijwa akasema, "Mianzi yangu imeanza kuchipua hata sasa. Nilichukua kinachorudi. Nani aliniambia wenzangu wanachukua nini, na wapi?"

Watu wakamgeukia Namkunda. Mikono yake ilikuwa bado ina matope ya kaburi.

"Mimi ndiye niliyejua," akasema. "Wao kila mmoja aliona lake, mimi niliona yote matatu. Niliogopa watoto wafe kwa baridi, nikanyamaza siku sita. Lakini wale wa nyumba za juu wako hai kwa sababu nilipanda mara ya tatu. Na mama yangu amelala pale."

Mzee mmoja wa waliofiwa akauliza: Namkunda angesema siku ya kwanza, je, wangemsikiliza? Juu yao, ubavuni mwa Mseru, mchanga ulikuwa bado unamomonyoka kidogo kidogo.

Mimi nimefika hapa, mbele sioni. Semeni ninyi mlionisikiliza: katika hao wanne, je, nani alistahili kuondoka?