Nyusi Zilizopandishwa kwa Siri

Ndugu zangu, alikuwapo mama mmoja ambaye nyusi zake zilishuka mapema. Wazee wa upande wao walisema zimetoka kwa bibi yake mzaa baba, mwanamke mpole ambaye watu walimwogopa mpaka siku alipozikwa. Mama huyu naye akifurahi, watu walidhani amekereka. Akiimba kwaya, mwalimu humwuliza kama kuna mtu amemuudhi. Katika picha za harusi ya binti yake mwenyewe, alionekana kama mtu aliyekuja kuizuia.

Akasikia kuna daktari mjini anayepandisha nyusi. Akamwambia mumewe anakwenda kumwuguza dada yake, akapanda basi.

Daktari akamweleza njia zilizopo. "Naweza kukata juu tu ya nyusi. Ni kazi nyepesi, lakini kovu litakaa usoni. Naweza kutoboa matundu madogo ndani ya nywele na kuingiza kamera ndogo. Makovu yake ni mafupi, na ndiyo ninayokushauri. Au nikate toka sikio hadi sikio, kupitia juu ya kichwa. Hiyo hupandisha zaidi, ila kovu ni refu."

"Refu, lakini litaonekana?"

"Nywele zitalifunika."

"Basi hilo hilo refu."

"Mama, hujaniuliza kidonda kitapona lini, wala kama kichwa kitabaki na ganzi."

"Daktari, mimi nimeuliza kuonekana."

Akakatwa, akashonwa, akapona. Akarudi nyumbani na kilemba, baadaye akasuka. Nyusi zilipanda kweli. Watu wakaacha kumwuliza kama amekasirika, wakaanza kumwuliza ameshtushwa na nini. Mumewe, mtu mtaratibu ambaye hata kuku wa sikukuu huchinjiwa na jirani, alisema tu, "Mke wangu, siku hizi nikiingia ndani unanitazama kama hukunitegemea." Akajibiwa kwamba ni uzee. Yakaisha.

Kabla ya mwaka kwisha, mama mkwe wake akafariki. Nanyi mnazijua desturi za kwetu. Baada ya maziko, wakamwana, wake wa wana wa marehemu, huketi uani na kunyolewa nywele zote mbele ya ukoo. Anayekataa hutafutiwa maneno: ameufurahia msiba, au yeye ndiye aliyeuleta.

Zamu yake ilipofika, alimnong'oneza wifi yake mkubwa, aliyekuwa ameshika wembe. "Wifi, mimi nina mafua. Nipunguze tu kwa mkasi."

"Mafua yako puani, wembe unapita kichwani. Inama."

Akainama. Wembe ukapita, ukapita tena, kisha ukasimama. Toka sikio hadi sikio palikuwa na kovu lililonyooka kama mpaka wa shamba.

Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Hakujiandaa kwa lililofuata. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walimgeukia mumewe.

"Shemeji," kaka mkubwa wa mama yule, aliyekuja msibani, akasema huku akivua koti taratibu, "hebu simama. Dada yetu ulimpiga na nini? Panga au shoka?"

"Mimi?"

"Ndiyo maana siku hizi ana uso wa mtu aliyeona mauti."

"Na sisi tuliokulea," wifi akadakia, wembe bado mkononi, "tulikuwa tunakuita mpole."

Mume akalitazama lile kovu. Ndiyo kwanza analiona. Jana alikuwa amemzika mama yake, na leo amesimamishwa mbele ya ukoo.

Sasa niwaulize. Mama yule angenyamaza, siri yake ingekuwa salama, tena angehurumiwa na kupewa uji. Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

Akainua kichwa kilichonyolewa nusu, akasema, "Hakunipiga. Nilikwenda kupandisha nyusi."

Wifi akamwangalia kwa makini. "Kupandisha? Kwani zilikuwa zimefika wapi?"

Watu wakacheka msibani, jambo ambalo ukoo ule hautaki likumbukwe. Kaka akavaa koti lake. Mume peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Ndugu zangu, siwasemi madaktari, wala sina neno na nyusi za mtu. Nasema habari zetu sisi. Mara ngapi tumekwenda mbele za Mungu kama mama yule alivyokwenda kwa daktari? Hatuulizi kama tutapona. Tunauliza kama itaonekana. Na mara nyingi tunafanikiwa kuficha, kwa hiyo tunadhani jambo limekwisha. Halikwisha. Siku alama yake ikionekana, watu watatafuta wa kumbebesha, na watamkuta aliye karibu. Mtoto anaitwa mkorofi kwa sababu ya ugomvi ambao baba na mama wameufungia chumbani. Mkwe anaitwa mchawi kwa sababu ya ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe amekataa kuutaja. Nani amesimamishwa nyumbani kwako kwa jambo ambalo ni lako, naye hajui hata anashtakiwa nini?

Sitamwita mtu yeyote apite mbele. Ninachoomba ni kwamba leo, kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja wetu aende kwa mtu huyo, aseme ukweli mbele ya wale wale wanaomshutumu, kisha amwambie aketi.