Kwa Nini Mto Kivumo Huketi Mara Mbili

Shauri la Kupita kwa Maji Ndani ya Mipaka ya Mji Pasipo Kusimama, Kusalimia wala Kujieleza. Hilo ndilo lilikuwa jina kamili la jambo lenyewe, na wazee wa Baraza la Mwangoni hawakukubali liitwe kwa jina fupi. Nyinyi mliokwisha vua viatu, subirini kidogo. Maji hayaendi popote. Zamani yalikuwa yakienda, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Zamani hizo Mto Kivumo haukuwa na maporomoko wala mabwawa ya kuogelea. Ulitoka juu kilimani, ukateleza juu ya mwamba mmoja ulionyooka kama kanga iliyoanikwa, ukaingia baharini bila kugeuza shingo. Aliyetia mguu huku juu alikuwa baharini kabla hajamaliza kujuta. Akina mama waliotumbukiza mitungi walibaki wameshika kamba. Mto haukuwa na ubaya. Ulikuwa na haraka tu, kama watu wa bara wanaposhuka pwani mara ya kwanza.

Mji wa Mwangoni, hapo chini ufukweni, ulikuwa na kila kitu isipokuwa maji matamu. Visima vyake vyote vilikuwa vya chumvi, na birika la mji lilitegemea mvua, ambayo nayo haikuwa mtumishi wa Baraza. Ndipo likafunguliwa lile shauri, na tarishi wa Baraza, Bwana Shomari, akapelekwa kilimani kuusomea mto wito. Alisimama katikati ya mwamba, akakohoa kidogo kama ilivyo desturi ya kusoma mambo ya serikali, akafika kwenye maneno "Kwa mujibu wa". Waliomwopoa baharini walikuwa wavuvi wa majarife.

Aliporudi barazani, nguo zikimchuruzika, Mwenyekiti Mwinyimkuu alimwuliza kama wito umefika.

"Umefika, mheshimiwa," alisema Shomari. "Tumefika pamoja."

Ikaandikwa kwamba mto umepokea wito na umekataa kutia sahihi. Shauri likaahirishwa, na wazee wakaenda kula.

Sasa, katika mji huo aliishi Bi Mwanaidi, aliyekuwa somo, yaani yule mwanamke anayemfunda mwali na kumwogesha siku ya harusi. Alikuwa amewaogesha nusu ya wanawake wa Mwangoni, na ile nusu nyingine aliwasema. Mwaka huo ilifika zamu ya mjukuu wake mwenyewe, Chausiku. Desturi ilikuwa kwamba mwali husingwa kwa singo, ule unga wa liwa, karafuu na mawaridi, kisha huzamishwa mzima, utosi hadi unyayo, katika maji matamu yaliyotulia. Asiyezamishwa hatoki nyumbani kwao. Na mwaka huo mvua zilichelewa, birika likaonyesha sakafu yake, kitu ambacho hata waliolijenga walikuwa wamekisahau.

Wakwe walituma salamu kutoka mji wa pili: mwezi ukiandama na mwali hajaoga, wao wataposa kwingine, na wasilaumiwe. Chausiku alikuwa akimtaka kijana huyo kweli, jambo ambalo katika harusi za siku hizo halikuulizwa sana.

"Bibi," alisema, akinukia kiasi cha kufuatwa na nyuki, "nikikaa na singo hii zaidi ya hapa nitaota majani."

"Mwali hasemi."

"Mwali ananuka, bibi."

"Ananukia," alisema Bi Mwanaidi, akachukua kata yenye mpini mrefu na chakula chake cha mchana, akapanda kilimani kujaribu kuchota maji ya kutosha kumzamisha mtu mzima.

Alichota asubuhi nzima. Kila kata ilirudi na matone ya kutosha kulowesha sikio. Jua lilipofika utosini alichoka, akaketi juu ya mwamba kando ya maji, akafunua kawa lake, akaanza kula wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Na hapo ndipo lilipotokea lile lililotokea.

Mnaijua desturi yetu. Mtu anakula; mwingine anapita; anayekula husema "karibu". Lazima aseme, hata kama sahani ina tonge moja na anayepita ni mdai wake. Na anayepita naye hujibu, "Ahsante, starehe," akaenda zake, hata kama hajala tangu jana. Hivyo wote wawili hubaki waungwana na wali hubaki wa mwenyewe. Ni makubaliano ya zamani sana, na hakuna baraza lililowahi kuyaandika, ndiyo maana yanafuatwa.

Bi Mwanaidi alisikia kitu kikipita ubavuni mwake. Bila kuinua macho, tonge likiwa mdomoni, alisema, "Karibu."

Mto ukasimama.

"Ahsante," ulisema. "Nikae wapi?"

Bi Mwanaidi alikuwa ameishi miaka mingi na hajawahi kujibiwa hivyo. Tonge lilimkwama. Lakini neno likishatoka halirudi, na kumwambia mgeni kwamba ulimkaribisha ili akatae ni aibu ambayo mtu huzikwa nayo. Akasogea, akapiga mwamba kwa kiganja. "Hapa, mwanangu. Jikunjue. Habari za huko utokako?"

Mto haukuwahi kuulizwa swali hilo. Ulishusha pumzi, ukakaa kwa uzito wake wote, na mwamba ukabonyea chini yake kama godoro la sufi. Bwawa la kwanza ni lile pale juu, la mviringo, mnalopenda kurukia. Ukamaliza wali. Ukamaliza samaki, na miba yake. Kisha ukaanza kusimulia habari za huko utokako, na mto ukishaanza kusimulia, mnajua.

Kesho yake jua lilikuwa kali pale juu, na Bi Mwanaidi, kwa kuwa mwenyeji ni mwenyeji, akauambia ushuke kidogo kivulini, karibu na alikohamishia mafiga yake. Mto ukajitupa kama anavyojitupa kitandani mtu aliyeshiba, na mwamba ukabonyea tena. Ndilo bwawa la pili. Safari hii ulikula mchele wa harusi.

Chausiku alipopanda na gunia la mwisho, alitazama yale mabwawa mawili ya maji matamu yaliyotulia, akamtazama bibi yake.

"Bibi, si nijitose sasa hivi tumalize?"

"Ndani ya mgeni?" alisema Bi Mwanaidi. "Tangu lini mwali akaogeshwa mapajani mwa mgeni? Wakwe wakisikia watakuja kuuliza ulilelewa na nani, na jibu ni mimi."

Chausiku akakaa chini akalia, na nyuki wakakaa naye.

Huko mjini, Baraza lilikuwa limekutana kwa dharura. Mto haufiki tena baharini, na lile shauri la kwanza halikuwa na maana. Likafunguliwa jingine: Shauri la Maji Kusimama Ndani ya Mipaka ya Mji Pasipo Kibali cha Kusimama. Mwinyimkuu aliamuru kwamba mgeni huyo aonyeshe kibali au aondoke kabla ya jua kuchwa, na Bwana Shomari akapewa amri aipeleke. Safari hii aliomba aisome akiwa juu ya mti.

Bi Mwanaidi alisikia habari hizo alfajiri ya siku ya tatu. Mto ukiondoka, Chausiku haogi. Ukibaki mgeni, haogi vilevile. Alikaa akiangalia chungu kitupu. Kisha akakumbuka ni siku ya ngapi. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Akalitoa jembe lake, akalishika kwa mikono miwili, akaunyoshea mto.

Mto ulilitazama. "La nini hili, mama?"

"La kwako. Sasa wewe ni mtu wa nyumbani. Shuka pale mwisho wa mwamba, uchimbe mpaka nikwambie basi."

Mto haukuwahi kuitwa mtu wa nyumbani mahali popote. Kote ulikopita uliitwa "angalia huyo". Ukalipokea jembe, ukashuka kwa kishindo, ukaanza kuchimba, na vumbi la maji likapanda juu ya miti.

Bwana Shomari alifika, akapanda mti wake, akasoma amri yote mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

"Bi mkubwa," alimalizia, "mgeni wako ana kibali?"

"Mgeni gani?"

"Huyo hapo."

"Huyo ana jembe, Shomari. Umeona wapi mgeni analima?"

Shomari alifikiri. Kibali, kwa kanuni za Baraza lenyewe, huombwa na wageni tu. Akashuka mtini akarudi kutoa taarifa kwamba mgeni hakuonekana, bali yupo mkazi anayelima. Wazee waliandika hivyo, wakafunga mashauri yote mawili, wakapongezana.

Mchana huo huo Chausiku alizamishwa, utosi hadi unyayo, na mtu wa nyumbani. Singo ikamtoka, nyuki wakatawanyika, na mwezi ulipoandama alikuwa kwa mumewe. Katika vigelegele na kuoshana vichwa, Bi Mwanaidi alisahau kuuambia mto basi.

Tokea hapo hadi leo mto huketi mara mbili, kisha huchimba. Bwawa la chini halina mwisho unaojulikana, na ule mvumo mnaousikia ni jembe. Msiogelee chini yake, kwani anayelima haangalii nyuma. Na mkila kando ya maji, mtupieni tonge kabla hamjaanza.

Mlipoingia mmeona jiwe la Baraza, linalosema maporomoko haya yaliwekwa kwa amri ya Mwenyekiti Mwinyimkuu, baada ya mto kukubali wito. Jiwe ni zuri na limechongwa vizuri. Kilichotokea ni kwamba mwanamke mmoja alikuwa akila, mto ukapita, akasema karibu, na mto haukujua kwamba ulitakiwa kukataa.