Viini Elfu vya Bwana Luhwago

Bwana Luhwago wa Njombe alinunua kompyuta yenye viini elfu, akawa anaitumia kucheza karata tu. Chombo cha heshima hivyo kikahitaji ofisi, basi akamfuata Edina, muuza mayai ya kuchemsha, amtoe kibandani mwake apageuze ofisi.

"Mashine yangu ina viini elfu, vyote vinafikiri kwa pamoja," alijigamba mbele ya wateja. "Wewe mama una nini?"

"Nina mayai, baba. Kila yai lina kiini kimoja tu. Hivyo vyako kazi vinagawanaje?"

"Kila kiini kinachukua kipande chake. Hakuna kazi ambayo mashine hii haitakutangulia kuimaliza."

Edina akamsifu mpaka akavimba. "Basi tushindane kwa kazi yangu ya kila siku. Ikinitangulia, nahama leo. Isiponitangulia, kibanda hiki hukigusi tena."

"Wateja ni mashahidi," alicheka Luhwago, akaiwasha mashine aliyokuja nayo.

Edina akatumbukiza yai kwenye maji yaliyokuwa yakitokota, akakunja mikono.

"Kazi yenyewe ni kungoja liive. Haya, vigawie viini vyako."

Wakangoja sawasawa, Edina na mashine, mpaka yai likaiva. Edina akalimenya, akalipasua, akamnyooshea.

"Viini vyote hivyo, baba, na kilichoiva ni kimoja. Nikutilie pilipili?"