Kwa Nini Mikono Hufungwa Nyuma Mbele ya Mwamba

Tulieni basi. Nawe Matika uliye karibu na mwamba, rudi nyuma kidogo, nitakuambia sababu.

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, picha hizi nyekundu zilizochorwa mwambani ziliguswa na kila mtu. Zilipakwa mafuta ya kondoo kama anavyopakwa bibi harusi, maana watu waliamini kwamba picha kavu ni picha iliyosahauliwa.

Miongoni mwa picha hizo alikuwamo Nyemo, mtoto aliyekufa kwa homa. Babu yake, mzee Mlewa, alimchora amejitwika mtungi. Mama yake, Mbeleje, hakubakiwa na kingine cha kumkumbukia. Kila asubuhi alikuja akampaka mafuta kwa viganja vyake, huku akimsemesha.

Masika yakaingia, ukungu mweusi ukaota miguuni pa mtoto. Mbeleje akadhani amempunja, akazidisha mafuta. Ukungu ukapanda hadi kiunoni. Maskini, alikuwa akiulisha mwenyewe bila kujua.

"Baba, nichoree tena," alimlilia Mlewa.

"Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Huyo ndiye wa mwisho."

Mbeleje akarudi nyumbani, akafungua kilindo cha mbegu. Zile zilizolazwa kwenye majani ya kivumbasi zilikuwa safi. Za pembeni, zisizo na majani, zimeoza kwa ukungu. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akachuma kivumbasi, akakiponda, akakiloweka juani ndani ya mafuta ya ufuta kwa siku saba. Chungu chake akakiweka chini ya picha, wala hakuupaka mwamba. Harufu ikapanda, na siku zilivyopita ukungu ukakauka, ukapukutika. Miguu haikurudi, lakini uso ulisalimika.

"Sasa usimguse tena," Mlewa alimwambia. "Mafuta ya viganja vyako ndiyo chakula cha ukungu."

Jambo hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Mikono ilinyanyuka yenyewe kuelekea ule uso, hata dada yake akaja akaishika kwa nyuma, wakalia pamoja.

Na tangu siku hiyo, kila masika yakikaribia tunaweka vyungu vya kivumbasi hapa, na kila afikaye hufunga mikono nyuma. Aliyefiwa karibuni haachiwi aifunge peke yake, hushikiwa.

Mwezi haujaisha tangu umzike mwanao, Matika. Lete mikono, mama, nikushikie.